TEZI DUME SI UGONJWA, KILA MWANAUME ANAYO: IFAHAMU NJIA YA MKOJO KUANZIA KIBOFUNI HADI NJE

Leo naomba wanaume tukae kikao kidogo. Dada zetu na mama zetu msiondoke, maana mara nyingi nyie ndo mnaokuwa wa kwanza kugundua kwamba mzee anaamka usiku mara tano.

Nianze na kisa. Mwaka jana baba mkubwa wangu alinigongea mlango saa nane usiku. Nikafungua, nikamkuta amejiinamia, ameshika tumbo la chini, jasho linamtoka.

"Shikamoo baba mkubwa. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Haja ndogo imegoma."

Tukatafuta bajaji. Kila tuta la barabarani mzee wa watu alikuwa anang'ata meno. Hospitali wakampitishia mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa zaidi ya lita moja. Akashusha pumzi ndefu, akalala palepale kitandani. Asubuhi daktari akatuambia tezi dume imetanuka. Mimi nikanywea kabisa. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo dokta, baba mkubwa ana tezi dume?"

Daktari akacheka. "Hata wewe unayo."

Jamani niliona aibu. Nimemaliza kidato cha nne, bailojia nimesoma, mchoro wa via vya uzazi nimechora mpaka penseli ikaisha, lakini kichwani kwangu tezi dume lilikuwa jina la ugonjwa wa wazee. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma na kuuliza wanaojua. Mimi si daktari. Haya ninayoandika ni ya kukusaidia uujue mwili wako, si ya kujitibia nyumbani.

NI KIUNGO, SI UGONJWA

Hapa ndo kwenye kosa letu la kwanza. Tunasema "fulani ana tezi dume" kama tunavyosema fulani ana malaria. Tezi dume ni kiungo kama ilivyo ini au bandama. Kila mwanaume anazaliwa nayo. Wanawake hawana.

Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Upana wake ni kama sentimita 4, urefu sentimita 3, unene sentimita 2. Fikiria ndimu ndogo iliyobanwa kidogo. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, nyuma ya mfupa wa kinena, na mbele ya puru, yaani ule utumbo wa mwisho unaotunza haja kubwa kabla haijatoka. Kumbuka hapo kwenye puru, tutarudi baadaye.

Wataalamu wengi wa Ulaya wanaiita kwa jina lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya "anayesimama mbele", kwa sababu imesimama mlangoni mwa kibofu. Kwa Kiswahili tukaiita tezi dume, na si jina baya, ila tumeligeuza kuwa jina la kutishia watu.

SAFARI YA MKOJO

Figo mbili zinachuja damu mchana na usiku. Mkojo unateremka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli unaovutika. Ukifika mililita 150 hadi 200 unaanza kusikia hamu, na mtu mzima anaweza kubeba mililita 400 hadi 600 kabla hajaanza kuchezacheza miguu.

Kutoka kibofuni mkojo unatoka nje kwa bomba moja tu, nalo ndo mrija wa mkojo. Kwa mwanamke mrija huu una sentimita 4 hivi, ndiyo maana vijidudu vinafika kibofuni kwao kirahisi na UTI zinawasumbua sana. Kwa mwanaume una sentimita 18 hadi 20, na una kona mbili uume ukiwa umelala. Kwa sababu ya urefu huo mwanaume hapati UTI ovyoovyo. Akipata, daktari anatakiwa atafute chanzo, asimpe vidonge tu na kumwambia aende.

Mrija wa mwanaume tunaweza kuugawa sehemu nne:

1. Shingo ya kibofu. Ni fupi, kama sentimita moja tu. Hapa kuna koki ya kwanza, msuli wa mviringo unaojifunga na kujifungua wenyewe. Huna amri nao.

2. Ndani ya tezi dume. Hapa ndo penye mambo yote. Mrija haupiti pembeni ya tezi, unapita KATIKATI yake kwa sentimita 3 hadi 4. Chukua ile ndimu yetu, penyeza mrija wa kunywea soda katikati, utokee upande wa pili. Ndivyo ulivyo.

3. Kwenye misuli ya sakafu ya nyonga. Ni sentimita moja hadi mbili, na pamebana. Hapa kuna koki ya pili, na hii unaitawala wewe. Ukiwa kwenye daladala umebanwa na kituo bado, hii ndo unayoikaza.

4. Ndani ya uume. Ndiyo sehemu ndefu, kama sentimita 15. Imezungukwa na nyama laini yenye vijishimo kama sponji, mpaka kwenye tundu la kichwa cha uume.

Unapokojoa, koki mbili zinalegea na msuli wa kibofu unajikaza kusukuma. Ukiona mkojo unatoka kwa nguvu na kukata vizuri, ujue kibofu, tezi na mrija vinaelewana.

TEZI INAFANYA KAZI GANI SASA?

Kazi yake kubwa ni ya uzazi. Mbegu zinatengenezwa kwenye korodani, lakini mbegu zenyewe ni asilimia ndogo sana ya shahawa, kama 2 hadi 5. Sehemu kubwa ya majimaji inatoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu. Tezi dume inachangia kama robo hivi. Majimaji yake yana madini ya zinki, asidi kama ile ya kwenye ndimu (ndimu tena!), na protini inayoitwa PSA. Kazi ya PSA ni kuyeyusha shahawa, maana zikitoka zinaganda kama uji mzito, kisha baada ya dakika 15 hadi 30 zinakuwa nyepesi ili mbegu ziogelee. Hiyo PSA ndo ileile inayopimwa kwenye damu.

Mirija ya mbegu inafungukia kwenye mrija wa mkojo humohumo ndani ya tezi. Kwa hiyo hapo ni makutano ya njia mbili: ya mkojo kutoka juu na ya shahawa kutoka pembeni. Mwanaume anapofika kileleni, tezi inajikamua, na ile koki ya kwanza inajifunga kabisa ili shahawa zisirudi kibofuni na mkojo usichanganyike nazo. Bomba moja, kazi mbili, hazigongani. Mungu fundi!

KWA NINI UZEENI INASUMBUA

Tezi dume inakua mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa kubalehe. Mara ya pili inaanza taratibu kuanzia miaka ya 40 hivi na haiachi. Kinachoikuza ni homoni ya kiume, testosteroni, ambayo ndani ya tezi inabadilishwa kuwa aina nyingine yenye nguvu zaidi. Karibu nusu ya wanaume waliofika miaka 60 tezi zao zinaonyesha huko kutanuka, na wakipita 80 ni wengi mno, kama 9 kati ya 10. Si kwamba wote wanaumwa. Ila imetanuka.

Sasa rudi kwenye ndimu na mrija wa soda. Ndimu ikivimba kwa ndani, mrija unabanwa. Ndo hapo yanaanza haya:

- Mkojo unachelewa kuanza, unasimama unasubiri.
- Unatoka mwembamba, unakatikakatika, unadondokea kwenye viatu.
- Ukimaliza unasikia bado umo.
- Unaamka usiku mara kwa mara.
- Ukibanwa, umebanwa kweli, huwezi kusubiri.

Kibofu nacho kinapigana. Kinasukuma kwa nguvu, msuli wake unakuwa mnene, mwisho unachoka. Mkojo unabaki ndani, unaleta maambukizi na mawe. Ukizidi kujaa, shinikizo linarudi juu mpaka kwenye figo. Kuna watu wameharibikiwa figo kwa tatizo lililoanzia kwenye tezi.

Na kingine: ukubwa si kipimo cha mateso. Mtu anaweza kuwa na tezi kubwa iliyotanukia nje na akakojoa vizuri tu, mwingine imetanuka kidogo lakini kwa ndani, akateseka. Usijilinganishe na jirani.

Baba mkubwa dalili hizo zote alikuwa nazo karibu miaka miwili. Alikuwa anasema ni uzee. Akapunguza kunywa maji. Akanunua dawa ya mishipa mnadani. Usiku ule, kumbe jioni alikuwa amemeza vidonge vya mafua. Daktari alitueleza kwamba baadhi ya dawa za mafua na za aleji zinakaza koki ya kibofu au kuulegeza msuli wake, na kwa mtu ambaye tayari amebanwa, zinaweza kufunga kabisa. Wenye wazee nyumbani, hilo liandikeni ukutani.

KUTANUKA NA SARATANI NI VITU VIWILI

Wadau hapa naomba msome taratibu, maana ndo hasa kilichonifanya niandike.

Tezi dume ina kanda. Kanda ya ndani, inayouzunguka mrija, kwa kijana ni ndogo sana, kama asilimia 5 ya tezi. Kanda ya nje, kwa upande wa nyuma unaotazamana na puru, ndiyo kubwa, kama asilimia 70.

Kule kutanuka kwa uzee kunaanzia kanda ya NDANI. Ndiyo maana mtu analalamika mapema, mrija uko hapohapo. Saratani mara nyingi inaanzia kanda ya NJE, mbali na mrija. Kwa hiyo mwanzoni haizuii mkojo, haiumi, haisemi. Mtu anakojoa vizuri na huku inakua. Inapokuja kuzuia mkojo au kuleta maumivu ya mgongo na nyonga, mara nyingi imeshatoka nje ya tezi na kufika kwenye mifupa.

Umeona ulivyo mtego? Mwenye dalili nyingi anaweza asiwe na saratani, na asiye na dalili hata moja anaweza kuwa nayo. Kutanuka hakugeuki kuwa saratani. Lakini mtu mmoja anaweza kupata vyote viwili, kwa nyakati tofauti.

Mfano ni Mzee Nelson Mandela. Mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, alifanyiwa upasuaji wa tezi iliyotanuka huko Cape Town. Mwaka 2001, miaka 16 baadaye, akakutwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mionzi. Wengine wanashangaa, si alishapasuliwa? Upasuaji wa kutanuka unaondoa nyama ya ndani inayobana mrija. Ile kanda ya nje inabaki. Kwa hiyo uliyefanyiwa operesheni hujamaliza vipimo. Mandela alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95.

Na hapa kwetu, Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Alikuwa na miaka 64. Iligundulika mapema, akarudi kazini, akamaliza muda wake mwaka 2015. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba Ikulu ilitangaza na yeye mwenyewe akalizungumza hadharani. Rais mzima kasema, sisi tunaona haya gani?

KIDOLE

Haya, sasa tufike kwenye kitu ambacho vijiweni tunakicheka. Najua wengi hamwendi hospitali kwa sababu ya kidole tu.

Nilisema ukumbuke puru. Tezi imelala mbele ya puru, ukuta mwembamba tu unawatenganisha. Daktari akivaa glavu, akapaka mafuta na kuingiza kidole, anaigusa tezi kwa upande wa nyuma, ile kanda ya nje inakopenda kuanzia saratani. Anasikiliza: ni laini au ngumu kama jiwe? Ina kinundu? Inachukua chini ya dakika moja. Hakuna anachokupunguzia.

Kingine ni kipimo cha damu cha PSA. Hapo hakuna kidole, ni sindano ya mkononi tu. Wengi wanatumia nanogramu 4 kwa mililita kama mpaka wa kuanza kuchunguza zaidi, ila PSA ikipanda si lazima iwe saratani. Inapanda kwa kutanuka, kwa maambukizi, hata kwa kumwaga siku moja au mbili kabla ya kupimwa. Na ikiwa chini haikupi uhakika wote. Ndiyo maana vipimo vinasaidiana, na jibu la mwisho linatoka kwenye vipande vidogo vya nyama vinavyochukuliwa na kuangaliwa kwa darubini.

Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mwanaume azungumze na daktari kuhusu kupima akifika miaka 50. Mweusi, au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya miaka 65, aanze akiwa na 45. Sisi weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na hapa Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume.

IKIGUNDULIKA?

Kwa kutanuka, kuna dawa za aina mbili kubwa. Moja, kama tamsulosini, inalegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu inakuja ndani ya siku au wiki. Nyingine, kama finasteridi, inapunguza homoni inayokuza tezi, lakini inataka uvumilivu wa miezi kama 6. Dawa zikishindwa, kuna kukwangua: kifaa chembamba kinapitishwa ndani ya mrija bila kupasua tumbo. Wengi baada ya hapo shahawa zinarudi kibofuni badala ya kutoka nje. Haidhuru mwili, ila anayetaka mtoto amwambie daktari kabla.

Kwa saratani, kuna kuangaliwa tu kwa karibu kama inakwenda polepole, upasuaji, mionzi, au kuzuia homoni. Njia hii ya homoni ndiyo iliyompa Charles Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

VIJANA, NA SISI TUMO

Msidhani haya ni ya wazee tu. Tezi ya kijana inaweza kuvimba kwa bakteria: homa, kutetemeka, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kukojoa kwa shida.

Na mrija wenyewe unaweza kupata kovu ukawa mwembamba. Kisonono kisichotibiwa vizuri kinafanya hivyo. Ukiona usaha au kuwashwa wakati wa kukojoa, nenda ukapime na mwenzio naye atibiwe, usinunue vidonge viwili dukani ukanyamaza. Kingine ni kuangukia bomba la baiskeli. Ukianguka hivyo ukaona damu kwenye tundu la uume, usijikamue, wahi hospitali. Na mgonjwa aliyewekewa mpira asiuvute mwenyewe: ndani una kipira kilichojazwa maji ili usitoke, ukiuvuta unachana mrija.

USISUBIRI KESHO UKIONA HAYA

- Mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limejaa.
- Damu kwenye mkojo, hata mara moja. Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa kingine, kipimo ndo kitasema.
- Homa pamoja na shida ya kukojoa.
- Maumivu ya mgongo yasiyoisha kwa mzee, au miguu kuishiwa nguvu.

Baba mkubwa sasa hajambo. Kipimo cha saratani hakikuonyesha kitu, alikwanguliwa, mpira ukatolewa. Siku ile ametoka chooni alikuwa anatabasamu kama mtoto. Akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, ningejua ni kitu cha kutibika nisingejitesa miaka miwili." Miaka miwili wadau! Anaamka usiku, anaogopa safari, anaogopa harusi, anakaa karibu na choo msibani, na hakumwambia hata mkewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo jioni ukimpigia baba, babu au mjomba, baada ya shikamoo muulize kistaarabu tu: usiku unaamka mara ngapi? Akikwambia ni uzee, mwambie kwamba uzee una daktari wake.

Mwenye swali au ushuhuda aandike hapo chini, hata bila jina. Tusichekane.